Mgeni Aliyemficha Mgeni

Mwezi wa Desemba 1877, katika kisiwa cha Ukerewe, Waingereza wawili waliuawa pamoja na mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu waliyekataa kumtoa kwa adui yake. Habari hii imo katika vitabu vya historia ya misheni, na aghalabu husimuliwa kwa mistari michache, kisha msimulizi akavuka ziwa haraka kwenda Buganda, kwenye mashahidi wengi na majina makubwa. Mimi imenisumbua kwa muda mrefu. Naona ndani yake lipo swali ambalo sisi Wakristo tunaoitwa viongozi, awe askofu wa jimbo au mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya mtaani, twapenda kulikwepa: je, kiongozi anayo haki ya kuitii dhamiri yake ikiwa gharama ya utii huo italipwa na watu wengine?

Tuanze na tukio lenyewe. Mwaka 1875 Stanley, akiwa kwa Kabaka Mutesa, aliandika barua ya kuwaita wamisionari waje Buganda, na barua hiyo ikachapishwa katika gazeti la Daily Telegraph la London mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Shirika la kimisionari la Kianglikana lijulikanalo kwa herufi CMS likaitika upesi. Kundi lake la kwanza lilipita Unguja mwaka 1876, miaka mitatu tu baada ya soko la watumwa la Mkunazini kufungwa. Likaajiri watu wa pwani kuwa wapagazi na mabaharia, nao wakabeba vipande vya mashua iliyoitwa Daisy, mguu kwa mguu, hadi Kageye, bandari ndogo ya kusini mwa ziwa isiyo mbali na Mwanza. Maradhi yalilipunguza kundi lile. Daktari John Smith alifia huko huko Kageye mwezi wa Mei 1877. Luteni George Shergold Smith, ofisa wa zamani wa jeshi la majini na kiongozi wa msafara, alivuka hadi kwa Mutesa pamoja na mchungaji C. T. Wilson, kisha akarejea kusini kumfuata mwenzake O'Neill aliyekuwa amebaki na mizigo.

Hapo ndipo anapoingia Songoro. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa kutoka pwani, naye alikuwa amekwisha kujenga makazi yake ukingoni mwa ziwa kabla mmisionari yeyote hajafika. Stanley alimkuta huko mwaka 1875 na kumtaja katika kitabu chake. Biashara yake ilikuwa ya pembe, na kama wengi wa tabaka lake zama zile, hakujitenga na biashara ya watu. Kisiwani Ukerewe aliunda jahazi, na jahazi hilo wamisionari wakalinunua. Lakini Lukonge, Omukama wa Ukerewe, alikuwa na madai yake kwa Songoro, na yasemekana kuwa mbao za jahazi lile lile, zilizokatwa katika misitu ya kisiwa, zilikuwa sehemu ya madai hayo. Ugomvi ulipowaka, Songoro alikimbilia kambini kwa Waingereza. Lukonge akataka atolewe. Smith akakataa. Kambi ikashambuliwa, wakafa Smith, na O'Neill, na Songoro, na wengi katika watu wao.

Msomaji wa visiwani na alitazame jambo hili kwa makini, maana limepinda kinyume na tulivyozoea kusimuliwa. Watu waliotumwa na jamii iliyojisifu kwa kupiga vita utumwa walikufa wakimlinda mtu ambaye mikono yake haikuwa safi katika jambo hilo hilo. Wakristo wawili, waliokuja kutangaza dini yao, walikufa kwa ajili ya mtu asiyekuwa wa dini yao na asiyeonyesha dalili yoyote ya kutaka kuwa. Angelikuwa mtoto yatima, tungeliandika tenzi. Songoro hakuwa yatima. Alikuwa mdaiwa, mjanja wa soko, mtu ambaye Smith mwenyewe, lau angelikutana naye katika mjadala wa mambo ya dunia, angelimhukumu vikali. Kwangu mimi hilo ndilo linalokipa kitendo kile uzito wake. Kumlinda asiye na hatia ni wema ambao hata wapagani wa kale waliusifu, na aliyeomba hifadhi hadaiwi kwanza cheti cha tabia njema.

Sasa tuisikilize sauti ya upande wa pili, maana ilikuwapo, na ni sauti ya busara. Yasema: mtoe mtu mmoja, uokoe wengi. Wewe ni kiongozi. Umepewa roho za watu, umepewa mali ya kanisa, umepewa kazi kubwa iliyo mbele yako, taifa zima la Baganda linangoja. Utaiharibu kazi hii yote kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja asiyelipa madeni yake?

Mkristo akiisikia hoja hii hana budi kutetemeka kidogo, kwa sababu anamjua aliyeitoa zamani. Imo katika Injili ya Yohana, sura ya 11. Ni Kayafa, kuhani mkuu, aliyewaambia wenziwe barazani kwamba ni afadhali mtu mmoja afe kuliko taifa zima liangamie. Tumezoea kumtazama Kayafa kama mtu mwovu, lakini ukiisoma sura ile bila haraka utamwona ni kiongozi mwenye wasiwasi wa haki: Warumi walikuwapo, wana silaha, na hekalu lingeweza kubomolewa. Alifanya hesabu. Hesabu yake ilikuwa sahihi kama hesabu, na ndiyo iliyomfikisha Bwana wetu msalabani. Baada ya hapo, kiongozi wa Kikristo anayesema “mtoeni huyu mmoja ili sisi tubaki salama” ajue ameketi katika kiti cha nani.

Na kiti hicho hakijawahi kukosa wa kukikalia. Katika nchi ya Wasukuma, kuanzia Mwanza hadi Shinyanga, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na moja ya “ushahidi” umekuwa wekundu wa macho, macho yaliyoiva kwa moshi wa kupikia maisha mazima. Tangu miaka ya 2006 na 2007 yakashika kasi mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa hiyo hiyo ya ziwa. Hawa wote walikuwa na majirani, na wengi wa majirani wale walikuwa wamebatizwa. Aliyeshika panga ni mmoja au wawili. Waliobaki walifanya hesabu ya Kayafa kimya kimya, kila mtu nyumbani mwake, na mlango umefungwa. Sisemi kwamba makanisa hayakufanya kitu. Shule ya Mitindo, Misungwi, iliwapokea watoto wenye ualbino wakati vijiji vyao vilikuwa haviwafai tena, na wapo masista na wachungaji waliofungua nyumba zao. Nasema tu kwamba mahubiri dhidi ya ushirikina yalikuwa mengi kuliko milango iliyofunguliwa usiku.

Basi hadi hapa Smith ameshinda, na Kayafa ameshindwa. Lakini habari haijaisha, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoisimulia kama kisa cha ushujaa mtupu.

Ndani ya kambi ile walikuwamo watu wa pwani. Vitabu vingi huwajumlisha kwa neno moja, “watu wao”. Walikuwa wameajiriwa kubeba, kupiga makasia, kupika, kutafsiri. Walikuwa na mishahara ya kudai na watu wa kuwangoja Unguja na Bagamoyo. Hawakuandikishwa kuwa mashahidi wa imani, na wengi wao imani ile haikuwa yao. Mchungaji mwema, asema Kristo, hutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo. Uhai wake yeye, si wa kondoo. Na katika mfano mwingine, ule wa Luka 15, mchungaji anawaacha kondoo 99 nyikani akamtafute mmoja aliyepotea. Tumeuhubiri mfano huo mara nyingi, tukambeba yule mmoja mabegani na kushangilia, wala sijamsikia mhubiri akirudi nyikani kuwahesabu wale 99. Ukerewe walihesabiwa kwa mikuki.

Ni kweli kwamba huenda wale watu wa pwani walikubaliana na Smith. Huenda wao ndio waliokuwa wa kwanza kusema Songoro asitolewe. Alikuwa mtu wao, mtu wa lugha yao na kibla chao, na sheria yao inalijua vema jambo la kumpa amani aombaye amani: aya ya sita ya Sura ya At-Tawba inataka hata mshirikina aombaye hifadhi apewe, na afikishwe mahali pake pa salama. Kama walisema hivyo, basi walikufa kwa imani yao wenyewe, wala si kwa imani ya Mwingereza, na wanastahili kutajwa hivyo. Lakini historia tuliyoachiwa imeandikwa kana kwamba uamuzi ulikuwa wa mtu mmoja.

Kisa cha Lutu, ambacho sisi na ndugu zetu Waislamu twakijua kwa pamoja, kinalichoma jambo hili penye kidonda. Katika Mwanzo 19 watu wa mji wanaizingira nyumba wakiwataka wageni. Lutu anasimama mlangoni, anakataa kuwatoa, na hapo ni mwenyeji bora kuliko wote. Kisha, katika pumzi ile ile, anawataja binti zake. Wafasiri wamehangaika sana na maneno yale, kila mmoja kwa njia yake. Mimi nayasoma kama onyo: mtu anaweza kuwa mtakatifu kwa mgeni wake kwa kutumia mwili wa mtu mwingine, na asitambue.

Tena kuna upande wa Lukonge, ambao vitabu vya misheni vimeupa nafasi ndogo. Kisiwa kilikuwa chake. Songoro alikuwa mgeni wake kabla ya kuwa mgeni wa Smith, na Smith naye alikuwa mgeni. Ni heshima gani hiyo, mgeni kumficha mgeni mwenziwe asimfikie mwenye nyumba wanayelala kwake wote wawili? Mtu akitaka kujua jinsi Wakerewe walivyoyachukua mambo ya ukarimu, asome kitabu cha Aniceti Kitereza, mtoto wa kisiwa kile kile na wa ukoo wa watawala wake, aliyezaliwa mwaka 1896, Mkristo aliyesoma katika seminari ya Rubya. Riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka aliiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980. Akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Humo salamu peke yake huchukua kurasa. Myombekere anapokwenda ukweni kumtaka mkewe aliyechukuliwa na wazazi wake, haingii kwa nguvu wala kwa mkato; kila hatua ina mlango wake na mtu wa kuufungua. Mtu aliyelelewa katika adabu kama hiyo angemwona Smith kuwa mtu asiyejua yuko nyumbani kwa nani.

Wengi wa wasomaji wa ukurasa huu watakuwa wamekwisha kumkumbuka Najashi. Yapata mwaka 615 Waislamu wa kwanza walikimbia Makka wakavuka bahari hadi Uhabeshi, na Makureshi wakatuma wajumbe wenye zawadi kumwomba mfalme yule Mkristo awarudishe. Najashi hakuwatoa. Lakini kwanza aliwaita pande zote mbili, akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib mbele ya wale waliomtaka, ndipo akahukumu, na zawadi zikarudishwa. Najashi alikuwa na vitu viwili ambavyo Smith hakuwa navyo: nyumba ilikuwa yake, na baraza lilikaa. Ukiondoa hivyo, moyo ulikuwa mmoja.

Nikiulizwa basi Smith angefanya nini siku ile, jibu langu ni kwamba asingemtoa Songoro. Hilo silibadilishi. Kosa, kama lilikuwapo, lilitangulia. Kama ni kweli mbao za jahazi zilikuwa na deni la Lukonge, basi siku ya kulinunua palikuwa na swali dogo la kuulizwa, swali la sokoni, lisilohitaji ushujaa wowote: mbao hizi ni za nani, na mwenyewe amelipwa? Swali hilo lingegharimu siku chache za mazungumzo, na labda doti kadhaa za nguo. Lilipoachwa, likageuka kuwa swali la roho. Naona hivi ndivyo uongozi wetu ulivyo mara nyingi. Twajiandaa kwa saa kubwa ya kukataa, saa ya kusimama mbele ya mfalme, na twazipuuza saa ndogo ambazo zingeifanya ile kubwa isiwe na haja ya kuja. Kanisa hununua kiwanja bila kuwauliza majirani mpaka uko wapi, linajenga, miaka kumi baadaye panazuka kesi, na mchungaji anasimama mimbarini akizungumzia mateso ya wenye haki.

Kilichofuata Ukerewe kinajulikana kidogo kuliko mauaji yenyewe, nami nakiona ni kikubwa zaidi. Katikati ya mwaka 1878 alifika Kageye Alexander Mackay, fundi mitambo wa Kiskoti, asiye kasisi, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akipasua njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Alizikuta mali za wenzake zimeharibika, na Daisy ikiwa mbovu. Badala ya kukizunguka kisiwa kile kwa mbali, alivuka kwenda kwa Lukonge, bila silaha, akakaa kwake siku kadhaa. Lukonge akamweleza kwamba ugomvi wake ulikuwa na Songoro, wala hakukusudia kuwaua wazungu. Mackay alisikiliza. Hakudai fidia ya damu. Yeye, ambaye hakuwa na wekundu wa askofu wala joho la kasisi, alifanya lile ambalo lilipaswa kufanywa mwanzo: aliingia kwa mwenye kisiwa kama mgeni aingiavyo, na roho aliyoiweka rehani katika safari ile ilikuwa yake mwenyewe. Miaka 12 baadaye, Februari 1890, alikufa kwa homa huko Usambiro, kusini mwa ziwa lile lile, na mifupa yake ikahamishiwa Namirembe mwaka 1927.

Sipendi kumfanya Mackay malaika. Alikuwa na ukali wake, na aliyoyaandika juu ya Waarabu wa Buganda na hata juu ya Wakatoliki hayapendezi kusomwa. Lakini safari ile ya Ukerewe inanifundisha tofauti kati ya kuhatarisha na kujihatarisha, ambayo katika Kiswahili chetu ni silabi moja tu.

Silabi hiyo ilipotea mwaka 2013. Mwezi wa Februari mwaka huo, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, ugomvi juu ya nani achinje nyama ya kuuzwa buchani, Mkristo au Mwislamu, ulifikia hatua ya mchungaji kuuawa. Siku chache baadaye, Zanzibar, padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi. Sitaki kuyafunga matukio mawili kwa kamba moja. Kila moja lina mzizi wake. Ninachokumbuka kutoka miezi ile katika Kanda ya Ziwa ni wepesi wa ndimi. Maneno ya “hatutarudi nyuma” yalisikika kwa pande zote mbili. Asemaye hivyo kutoka jukwaani hurudi kwake kwa gari, pengine mji mwingine. Anayebaki ni mama muuza dagaa, ambaye Jumatatu asubuhi ana jirani Mwislamu kushoto na jirani Mkristo kulia, na kibanda kisichokuwa na mlango. Dhamiri ya kiongozi imezungumza, na bili imepelekwa kwa mama wa dagaa.

Hata hivyo, kukaa kimya si dawa. Kiongozi akiogopa kuwatia wengine hatarini kiasi cha kutolinda yeyote, amerudi kwa Kayafa kwa mlango wa nyuma, na safari hii akiwa na udhuru mzuri. Kazi ngumu imo katikati, nayo haina umaridadi wa kuimbwa: kuwauliza watu wako kabla. Si kuwaambia, kuwauliza, wakati bado wanaweza kusema hapana na kuondoka kwa amani na ujira wao.

Namfikiria katekista wa kijiji kimoja nyuma ya Magu au Sengerema. Usiku anagongewa mlango. Nje yuko bibi mzee, macho mekundu, jina lake limetajwa kwa mganga jioni ile, na vijana wamekwisha kunywa. Chumba cha pili wamelala mke na watoto wanne. Katekista hana polisi karibu, wala askofu wa kumpigia simu saa ile, wala muda wa kuisoma habari ya Ukerewe. Kumrudisha yule bibi gizani hawezi. Ameshaimba zaburi nyingi mno kuweza. Lakini kabla ya kulisukuma komeo, hatua sita kutoka pale alipo, kuna mlango mwingine ndani ya nyumba yake, na nyuma ya mlango huo wamo watu ambao bado hawajaulizwa. Kuwaamsha anaweza.